Kijana mwenye tawi la miiba: je, Dürer alijichora kwa ajili ya posa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa ualimu, nasomea sanaa za ufundi. Nimekutana na picha ambayo mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alijichora mwaka 1493 akiwa kijana, ameshika tawi la miiba. Maelezo niliyosoma yanapingana: mmoja anasema ni picha ya posa, mwingine anasema miiba ni mateso ya Yesu. Nishike lipi? Na kwa nini kijana asiye na jina ajichore mwenyewe badala ya kumchora tajiri wa kumlipa? Mwisho, naweza kuitumia kufundishia kidato cha pili?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Niseme mapema nilikoegemea, usije ukadhani nakuficha: hadithi ya posa naiona tamu kuliko ilivyo imara. Ila tusianze na miiba. Wengi huikimbilia miiba kabla ya kumtazama aliyeishika.

Picha si kubwa. Ina sentimita 56.5 kwenda juu na 44.5 kwa upana, ukubwa ambao mtu anaweza kuubeba kwapani. Kijana amekaa kiupande, uso ameugeuza kidogo kwetu, na macho yanatutazama kwa pembeni. Kichwani ana kofia nyekundu yenye kishada. Nywele ndefu zimeshuka, shati jeupe lina marinda kifuani, na juu yake kuna joho la kijivu lenye ukingo mwekundu. Ndevu ndiyo kwanza zinaota. Nyuma yake ni giza tupu. Mavazi ni ya mtu anayejipenda, lakini angalia mikono: ni minene, yenye vifundo, mikono ya mtu wa karakana. Mkono mmoja umeshika kile kitawi kwa uangalifu, kama ushikavyo kitu kitakachokuchoma ukikibana.

Sasa rudi kwenye macho. Hayo ndiyo yanayokuonyesha jinsi picha ilivyotengenezwa. Anayejichora hana budi kugeuza kichwa kwenye kioo, akaiba sura yake, kisha akarudi kwenye kazi kabla hajaisahau. Mwili unabaki upande mmoja na macho yanakwenda mwingine. Kwa hiyo ule mtazamo wa pembeni ambao watu huutafsiri kuwa ni mashaka au maringo, kwanza kabisa ni alama ya kioo. Mikono nayo ilimpa shida yake. Utauchoraje mkono wako nao ndio umeshika brashi? Ipo karatasi ya mwaka huohuo wa 1493, leo iko kwenye Makumbusho ya Metropolitan, New York. Humo alichora kwa kalamu na wino kichwa chake, mkono mmoja umekunja vidole kana kwamba umeshika kitu, na chini yake mto wa kulalia. Upande wa pili wa karatasi kuna mito sita, kila mmoja umefinyangwa umbo lake. Mkono ule ni ndugu wa mkono huu wa kwenye picha. Alikuwa akifanya mazoezi chumbani kwa alivyokuwa navyo bure: uso, mkono na mto.

Hapo nimekwishaanza kujibu swali lako la pili. Tutalirudia.

Huyu kijana ni nani mwaka 1493? Alizaliwa Nuremberg, Ujerumani, tarehe 21 Mei 1471, mmoja wa watoto 18, na wengi wao hawakukua. Baba yake, naye Albrecht, alikuwa sonara aliyehamia pale kutoka Hungaria. Alimfundisha mwanawe usonara, na kijana akaonekana ana mkono mzuri. Kisha akasema anataka kuwa mchoraji. Tunayajua haya kwa sababu mwaka 1524 Dürer mwenyewe aliandika historia fupi ya familia yake, na humo anasema baba hakufurahi: alisikitikia muda uliopotea. Hata hivyo alikubali, na tarehe 30 Novemba 1486 akampeleka kwa mchoraji Michael Wolgemut awe mwanagenzi kwa miaka mitatu. Baada ya Pasaka ya 1490 baba akamtuma safari, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wa Kijerumani: ukimaliza uanagenzi unatembea mji hadi mji, unafanya kazi chini ya mafundi wengine, unaona dunia. Alifika Colmar mwaka 1492 akitumaini kumkuta Martin Schongauer, bingwa wa michoro ya kuchonga kwenye bamba la shaba. Akakuta Schongauer alifariki mwaka uliotangulia. Akaendelea Basel, kisha Strasbourg. Alirudi nyumbani baada ya Pentekoste ya 1494, baba alipomwita.

Kwa hiyo picha ni ya mtu aliye njiani. Ana miaka 21 au 22. Uanagenzi umekwisha, ufundi mkuu haujaja. Hana karakana wala mke, na hajui baba atamwita lini.

Miiba sasa. Mmea wenyewe ni wa jenasi ya Eryngium. Kwa macho utaufananisha na mbaruti wetu, lakini ukoo wao ni mwingine kabisa: huu ni jamaa wa karoti na giligilani. Kwa Kijerumani mmojawapo wa mimea hiyo una jina la kienyeji, Mannstreu, yaani uaminifu wa mwanamume. Hilo ndilo ua la wanaosema ni posa. Mwaka 1805 mshairi Goethe aliona nakala ya picha hii, akaitaja na jina la mmea pamoja. Waliofuata wakaunganisha: kijana, uaminifu wa mwanamume, na ndoa iliyofungwa tarehe 7 Julai 1494 na Agnes Frey, binti wa fundi wa shaba wa Nuremberg. Wakaongeza hoja ya ngozi. Picha haikuchorwa kwenye ubao kama ilivyokuwa kawaida ya pale, ilichorwa kwa rangi za mafuta kwenye ngozi laini, ile ya kuandikia vitabu. (Leo iko kwenye kitambaa, kwa sababu katika karne ya 19 ilibanduliwa kwenye ngozi na kuhamishiwa huko, kazi inayonitia jasho hata kuifikiria.) Ngozi inakunjika, wakasema, basi ilikusudiwa kutumwa nyumbani kwa mchumba.

Ukitaka nyongeza, Plinius Mrumi wa karne ya 1 anasimulia kwamba mzizi wa Eryngium ulimfanya Phaon apendwe na mshairi Sappho. Mmea wa mapenzi, basi. Kila kitu kinakaa mahali pake.

Kinakaa mno. Mimi hukwama kwenye sentensi moja ya yule Dürer wa mwaka 1524. Anasema kwamba aliporudi nyumbani, Hans Frey alizungumza na baba yake, akampa bintiye Agnes, pamoja na guldeni 200. (Ndiyo, fedha ilitoka upande wa mke kwenda kwa mume, kinyume cha mahari yetu.) Angalia mpangilio wake: aliporudi, ndipo wazee wakazungumza. Kama tunamwamini mwenyewe, mwaka 1493 hakukuwa na mchumba wa kutumiwa picha. Unaweza kunijibu kwamba aliandika miaka 30 baadaye, kwa kifupi, na kwamba barua za wazazi huenda zilitangulia. Sawa. Ndiyo maana sisemi hadithi ya posa ni uongo. Nasema imejengwa juu ya jina la mmea na kukaribiana kwa tarehe, na ushahidi pekee tulio nao kutoka kinywani mwa mhusika unavuta upande wa pili. Hoja ya ngozi nayo haina uzito huo. Mtu anayetembea mji hadi mji na vitu vyake mgongoni, kwa nini abebe ubao?

Ukitaka kuona Dürer akimtazama Agnes kwa mapenzi, ipo karatasi ndogo ya mwaka 1494, iko kwenye makumbusho ya Albertina, Vienna. Amemchora kwa mistari michache ya haraka, ameinamia meza, kidevu kimeegemea mkono, kama anasinzia. Chini kaandika maneno mawili: Mein Agnes, Agnes wangu. Pale hakuna ua wala fumbo.

Na upande wa mateso ya Yesu? Una nguvu zaidi kuliko unavyosikika. Kuna picha ndogo ya Kristo mwenye huzuni, iko Karlsruhe, inayohesabiwa kuwa ya Dürer wa miaka hiyohiyo. Nyuma ya Kristo ni dhahabu, na kwenye dhahabu hiyo kumekwaruzwa mimea ya miiba ya aina hii. Kijana huyohuyo, mkono huohuo, miaka ileile: mmea anauweka kwa Kristo na anauweka kwa nafsi yake. Kwa Mkristo wa karne ya 15 aliyelelewa kwenye sala za Mateso, kuubeba mwiba wako hakukuwa jambo la ajabu. Lakini na hapa nakuomba upole. Taji la miiba linazunguka kichwa na kutoa damu. Hiki ni kitawi kimoja kilichoshikwa kwa ncha za vidole.

Kwa hiyo niache miiba, nikupeleke juu ya picha, kwenye maandishi. Hapo ndipo mchoraji amesema kwa maneno yake, na cha ajabu watu wanapapita haraka. Kuna mwaka 1493, kisha mistari miwili yenye vina:

My sach die gat
als es oben schtat.

Si Kijerumani cha Nuremberg, lafudhi ni ya huko Rhine ya juu alikokuwa akitembea. Kijana kaokota maneno ya ugenini akayafanya yake. Kwa Kiswahili ningeyaweka hivi: Mambo yangu yaenda vivyo, kama huko juu yalivyo.

Msomaji wa Kijerumani atahitaji maelezo marefu kuhusu methali fupi zenye vina zilizoandikwa juu ya picha. Wewe huhitaji, umekua na khanga. Unajua khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na kwamba jina ndilo linaloiuza. Unajua pia kwamba jina la khanga halifungwi kwenye maana moja. Mpaji ni Mungu: mama akiivaa msibani ni faraja, akiivaa jirani aliyenunua gari ni shukrani, na akiivaa mke mwenza mbele ya mwenzake, hiyo ni habari nyingine. Maneno ni yaleyale, kinachobadilika ni nani kavaa na nani anasoma.

Yasome ya Dürer hivyo. Oben ni juu. Juu kwa Mungu, hiyo ndiyo maana ya kwanza na sidhani kuna wa kuipinga: mja hana hiari. Lakini juu ni pia nyota, na watu wa zama zake waliziamini katika kupanga maisha ya mtu. Na kwa mtoto wa Albrecht sonara, juu kulikuwa na mwingine wa karibu zaidi. Baba alimfundisha, baba alimruhusu, baba alimtuma safari, baba angemwita arudi, na kama tulivyoona, baba ndiye aliyekaa na Hans Frey. Sisemi Dürer alikusudia kumtaja baba. Nasema mtu aliyeandika mstari huo alikuwa na miaka 22 ya kuzoea kwamba mambo yake yanaamuliwa mahali pengine, na siku picha inakauka hakuwa anajua uamuzi unaofuata ni upi.

Ukiisoma hivyo, uaminifu na mateso haviwi tena maadui wa kuchagua kati yao. Tawi linaloitwa uaminifu wa mwanamume, lenye miiba, mkononi mwa mtu anayesema mambo yake yako juu: linaweza kuwa uaminifu kwa Mungu, kwa mzazi, kwa kazi aliyoing'ang'ania baba akiwa hataki, na ndiyo, hata kwa mke ambaye bado hajatajwa. Ukinibana nichague, nachagua Mungu na kazi. Posa naiweka nyuma, karibu na mlango.

Kuna jambo moja bado linanisumbua kwa namna nzuri. Maneno yanasema sina uamuzi, picha yenyewe inasema nipo. Miaka 60 kabla yake, mwaka 1433, Jan van Eyck alichora mtu mwenye kilemba chekundu, picha ambayo wengi wanaamini ni yake mwenyewe, na kwenye fremu akaandika Als ich can, yaani kama niwezavyo. Ni unyenyekevu wa fundi anayejua hakuna mwingine awezaye. Dürer wa 1493 ana unyenyekevu huohuo wa mdomoni na kofia nyekundu ya kuonekana toka mbali. Miaka mitano baadaye, kwenye picha iliyoko Prado, Madrid, juu hapatajwi tena: ameandika kwamba alichora hii kwa sura yake, akiwa na miaka 26. Na mwaka 1500, kwenye ile ya Munich, anatutazama uso kwa uso kama Kristo anavyochorwa, na maandishi ni ya Kilatini, kwa wasomi: Albertus Durerus wa Nuremberg, nimejichora kwa rangi zangu mwenyewe, umri miaka 28. Hiyo ya mwisho ni maarufu kuliko zote. Mimi bado naipenda ya 1493, kwa sababu mwenyewe hajui bado atakuwa nani.

Turudi kwenye kwa nini ajichore. Sehemu ya jibu ni mfuko: uso wako haudai malipo, hauchoki, haukuambii pua umeikosea. Sehemu ni biashara. Mchoraji asiyejulikana akifika mji mgeni anaonyesha nini? Katika kipande kimoja cha ngozi Dürer ameonyesha kwamba anaweza nywele, anaweza kitambaa kilichokunjwa, anaweza ngozi ya binadamu, mikono, na mmea hadi ncha ya jani. Mteja anaweza kumweka kijana mwenyewe kando ya picha na kulinganisha. Hakuna cheti bora.

Lakini pesa na biashara havitoshi, kwa sababu hii haikuwa mara ya kwanza. Albertina wanayo karatasi ya mwaka 1484, Dürer akiwa na miaka 13, bado yuko karakana ya baba. Amejichora kwa kalamu ya fedha. Kalamu hiyo ni ncha ya madini ya fedha inayopitishwa kwenye karatasi iliyopakwa unga mgumu. Inaacha mstari mwembamba wa kijivu ambao baadaye hugeuka kahawia, na haufutiki. Ukikosea umekosea. Ilikuwa zana ya masonara, kwa hiyo mtoto alichukua kilichokuwa mezani kwa baba. Mashavu ya kitoto, mkono wa joho umemeza kiganja kimoja, kidole cha mkono mwingine kinaelekeza pembeni, nje ya karatasi, hatujui wapi. (Aliendelea na kalamu hiyo maisha yote. Mwaka 1521 huko Antwerp alimchora nayo Katharina, mwanamke Mwafrika wa miaka 20 aliyekuwa mtumishi nyumbani kwa wakala wa Kireno João Brandão. Karatasi iko Uffizi, Florence, na ningependa wanafunzi wako wamwone naye pia, macho ameyashusha.)

Juu ya ile karatasi ya utotoni kuna maandishi ambayo Dürer aliyaongeza akiwa mtu mzima: hii nilijichora kwa kioo mwaka 1484, nilipokuwa bado mtoto. Yaani karatasi ilitunzwa. Ilipita uanagenzi, safari, ndoa, umaarufu, na mwenyewe akarudi akaiwekea tarehe, kama mzazi anayeandika nyuma ya picha ya mwanawe. Mteja gani anahusika hapo? Huyu ni mtu aliyekuwa akijiwekea kumbukumbu ya kukua kwake, na picha ya 1493 ni ukurasa mmoja humo. Hata maneno yake, mambo yangu yaenda vivyo, ni maneno ya kumbukumbu: leo nimefika hapa, yaliyobaki sijui.

Kuhusu kidato cha pili: wafundishe, tena usianze na Eryngium. Wape kioo kidogo na kalamu ya wino, ufutio uweke mfukoni mwako, kama kalamu ya fedha. Waambie wachore uso na mkono mmoja, mkono ushike kitu chochote walichonacho nyumbani. Watalalamika kwamba mkono wa kuchora hauchoreki, waache wahangaike nao. Wakimaliza waandike juu ya kichwa mistari miwili yenye vina, mwaka pembeni. Kisha bandika zote ukutani bila majina, na kila mmoja amsomee mwenzake jina la khanga aliyojivika. Ndipo uwaonyeshe Dürer. Picha halisi iko Louvre, Paris, tangu 1922, lakini ukiitafuta kwenye mtandao chagua nakala kubwa ya kutosha kusoma maandishi ya juu. Nakala nyingi zimekatwa pale pale.